Kikombe cha Mfuto

Jumatatu, 3 Juni 1974

Mashati kumi na moja leo. Mawili ya karani wa bandari, kola zimekula jasho mpaka zimekuwa rangi ya chai. Kanji ya kukazia kola iliganda, nikapika nyingine. Pasi ndogo inamwaga majivu, nimeiziba tundu kwa kipande cha bati.

Mwalimu wa kisomo alituambia tusipoandika kila siku herufi zitatutoroka. Basi naandika. Cheti ninacho, nilifaulu. Daftari hili halisomwi na mtu. Mke wangu Somoe kisomo hataki, anasema macho yake ni ya kuchambulia mchele.

Jioni kaja balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Nassoro. Anatabasamu. Nassoro akitabasamu ujue kuna kazi ya bure. Mashindano ya kuoka keki. Kila nyumba kumi za hapa Rasbura zitoe mtu mmoja, keki moja ya korosho, tarehe ishirini na mbili, ukumbi wa jumuiya. Eti tujifunze kula mazao yetu, tuache kungojea biskuti za ng'ambo. Na jina langu ameshalipeleka. Ameshalipeleka! Hakuniuliza.

"Tumpeleke nani mwingine, Bwana Issa? Wewe ndiye uliyewapikia Wazungu."

Somoe alikuwa mlangoni. Uso ulimng'aa utadhani kaambiwa anakwenda Maka. Nikajibu haina taabu. Ulimi wangu huu, Mungu anajua.

Jumanne, 4 Juni

Nimeunguza suruali ya kaki leo. Alama ya pasi, pajani. Sijaunguza nguo tangu mwaka wa Uhuru. Akili haipo.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunisuta. Sikuwahi kuwa mpishi. Hata siku moja. Kilwa Masoko, kwa Mzungu wa barabara, nilikuwa dobi. Mpishi alikuwa Faraji. Mimi jikoni niliingia kuchota makaa ya pasi tu, na nikiingia naambiwa nifute miguu.

Nilipomposa Somoe hapa Lindi, baba yake aliuliza kazi yangu. Akasema binti yake haolewi na mtu anayesugua nguo za ndani za watu. Mshenga wangu, Mungu amrehemu, akarudi mara ya pili na maneno mapya. Kijana ni mpishi. Anawapikia Wazungu mapudini, vitamutamu vyao vya baada ya chakula. Posa ikapokelewa. Nimeoa kwa pudini mimi.

Nikamwacha kwao Lindi, nikawa naja kila nikipata ruhusa. Mzungu alipofunga mizigo nikahamia huku moja kwa moja, nikashika pasi waziwazi. Nikasema upishi wa Kizungu hauna wateja tena. Somoe akakubali. Miaka kumi na minne sasa anawaambia watu mume wangu ni mpishi, pasi anajishikiza tu. Nguo zake hanipi. Anazifua mwenyewe, anazivaa na makunyanzi yake. Anasema itakuwaje mpishi mzima ampigie pasi mkewe gauni.

Akijua itakuwaje? Siogopi matusi. Naogopa jinsi atakavyoniangalia.

Alhamisi, 6 Juni

Bibi Maendeleo wa serikali kaleta karatasi ya mapishi. Binti mdogo, ana adabu, kanipa shikamoo mara mbili. Anasema ana bahati kukutana na mtaalamu. Nimeitikia marahaba, nikatazama pembeni.

Nimeisoma mara nane. Unga wa ngano vikombe viwili. Sukari kikombe kimoja. Korosho zilizokaangwa na kupondwa, kikombe kimoja. Samli nusu kikombe. Mayai sita. Piga mayai na sukari mpaka yawe mazito na meupe. Oka kwa moto wa wastani.

Hamira hakuna. Itaumuka kwa nini sasa? Kwa dua? Na moto wa wastani, wastani wa nani?

Unga balozi kaupata kwa kibali. Sukari wamechanga majirani, nyumba kwa nyumba, kila mtu kijiko chake, na sukari yenyewe dukani hatuijui sura tangu mwezi wa nne. Wameileta kwenye kopo, limefungwa kitambaa. Kopo hilo liko juu ya kabati. Kila nikipita naliona.

Jumamosi, 8 Juni

Jaribio la kwanza. Aibu tupu.

Nilianza na korosho. Nimezichoma na maganda yake kwenye debe nililolitoboa, uani. Moshi ule mweusi wa mafuta ya maganda ukaenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo. Mashati ya karani! Nimeyafua upya yote. Na mafuta yamenirukia mkononi, lengelenge limetoka.

Somoe alitaka kusaidia. Nikamwambia kaa, hii kazi ya mtaalamu. Akavuta kigoda akakaa kunitazama. Bora asingenitazama. Nimepiga mayai mpaka bega likalia. Nimepima unga vizuri, vikombe viwili vya haki, vimejaa kilele. Nikamimina kwenye sufuria, sufuria ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, bati juu, makaa juu ya bati. Kama mkate wa kumimina tu. Hilo nalijua kwa kuona mama yangu.

Imetoka nyeusi juu, mbichi kati, chini ngumu. Nimeigonga kwa kisu, ikalia ko.

Somoe akasema labda unga wa siku hizi si kama wa Wazungu. Nikasema ndiyo. Ndiyo, ni unga.

Jumatatu, 10 Juni

La pili. Nimeficha hamira mfukoni, nikatia Somoe alipokwenda kisimani. Imeumuka, ikapasua mgongo, ikamwagika kwenye mchanga. Inanuka tembo la mnazi. Na bado nzito. Kuku wamedonoa wakaiacha.

Karani wa bandari kaja kuchukua mashati. Kanusa kola. Kanitazama. Nikamfungia mashati upesi.

Jumatano, 12 Juni

La tatu. Moto nimeupunguza. Haikuungua safari hii. Lakini ni tofali. Tofali zuri, la rangi ya dhahabu. Nimelikata kwa panga.

Mayai ya kuku wa Somoe yamekwisha, leo kaomba kwa jirani. Nilimsikia uani akieleza kwamba wapishi wakubwa ndivyo walivyo, hawaridhiki upesi, wanajaribu na kujaribu. Anasema kwa fahari. Nikatamani ardhi inimeze.

Siwezi kukaa. Nikikaa nasimama. Nikipiga pasi nafikiria keki, nikishika keki nafikiria pasi.

Ijumaa, 14 Juni

Nimekwisha.

Tulipotoka msikitini balozi kanishika mkono mbele za watu. Habari njema, anasema. Jaji amepatikana, si mtu wa kubahatisha. Mpishi mzee hasa, analetwa kutoka Kilwa Masoko. Anaitwa Mzee Faraji. "Atakuwa mnajuana, eh?"

Nikasema Kilwa kubwa.

Kilwa kubwa! Masoko ile, mtu akipiga chafya bomani, bandarini wanasema yarhamukallah.

Faraji huyohuyo. Atanijua. Mikono hii ataijua hata gizani, ina alama za pasi zilezile. Atasema mbele ya ukumbi mzima, huyu? Huyu alikuwa dobi wetu! Na Somoe atakuwa mstari wa mbele, maana yeye hakai nyuma siku yangu.

Chakula kimenishinda. Somoe kadhani ni homa, kanichemshia mwarobaini. Nimeunywa wote. Nastahili uchungu.

Jumamosi, 15 Juni

Nilitoroka. Niandike tu.

Nilimwambia Somoe dada yangu wa Kitomanga anaumwa, nimeletewa salamu. Mzima wa afya, dada yangu. Nikapanda lori la asubuhi na kifurushi changu. Nikapata nafasi nzuri, juu ya magunia. Nikawaza, nikae huko wiki mbili, mashindano yapite, nirudi na uongo mwingine.

Akapanda Bi Tatu, jirani yetu wa nyumba ya tatu, anakwenda shamba. Akanipa pole ya dada. Kisha akasema, "Urudi mapema lakini. Wanangu wiki ya pili hii wanakunywa uji mkavu, nawaambia vumilieni, sukari yenu kapewa Bwana Issa akatushindie."

Nikakaa kidogo. Dereva akawasha gari. Nikasema jamani nimesahau kitu, nikateremka.

Somoe hakuniuliza sana. Nilimwambia salamu zilikosewa, anayeumwa ni mtu mwingine. Uongo juu ya uongo, naupanga kama mashati.

Jumapili, 16 Juni

Leo sikuwasha pasi. Nimekaa uani nikimfikiria Faraji, jinsi atakavyoingia, jinsi atakavyonitazama. Na nilivyokuwa namfikiria hivyo, nikamwona. Yule wa zamani. Amesimama kwenye meza ya jikoni, mimi niko nje ya dirisha na pasi yangu.

Anachota unga kwa kikombe. Halafu anachukua kisu, anakipitisha mdomoni mwa kikombe, unga uliozidi unaanguka. Kikombe kinabaki sawasawa, ukingo kwa ukingo. Kila kikombe! Kila kijiko!

Mimi na mtunza bustani tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mzungu mchoyo mpaka kwa tumbo lake mwenyewe! Kwa sababu kwetu nani anapima hivyo? Kipimo ni kilele. Muuza mchele sokoni akipima kwa mfuto, akafuta juu kwa kiganja, watu wanamzomea, kesho hauzi. Mke akimpakulia mgeni wali wa mfuto, mgeni anajua hatakiwi. Hata mimi nimelelewa hivyo, kikombe kisichomwagika hakijajaa.

Kwa hiyo vikombe vyangu viwili ni karibu vitatu. Mara zote tatu. Nimekuwa nikiionyesha karatasi ukarimu, na karatasi haitaki ukarimu. Nikacheka peke yangu uani. Somoe akachungulia kuona kama homa imepanda.

Jumatatu, 17 Juni

La nne.

Unga kwa mfuto, nimefuta kwa mgongo wa kisu. Mkono ulikataa. Ulitaka kuongeza. Korosho mfuto, sukari mfuto. Somoe alikuwa anaangalia. "We bwana, mbona unabania?" Nikamwambia ndivyo walivyopima kule. Hilo lilikuwa kweli. Neno la kweli nililomwambia wiki hii ni hilo moja.

Na moto. Hapa nilijikuta najua kitu. Nilileta shavu karibu na bati, kama ninavyopima pasi. Kuna moto wa kaki, ukileta shavu karibu wewe mwenyewe unarudi nyuma. Kuna moto wa hariri, unausikia kama pumzi ya mtoto. Katikati kuna moto wa poplini, kitambaa cha mashati. Wastani ni poplini! Nikapunguza makaa juu mpaka shavu likasema poplini. Nikapuliza majivu yatoke, nikageuza makaa kila baada ya muda, kama pasi inavyotaka.

Imepanda. Imepanda polepole, imekaa sawa, haikupasuka. Nimechoma kijiti kati, kimetoka kikavu. Laini! Somoe kala kipande, akafumba macho. Akasema, "Basi huyu ndiye mume wangu."

Nilifurahi kidogo tu. Halafu ikaniuma.

Alhamisi, 20 Juni

Kanishonea eproni. Kwa kitambaa cha mfuko wa unga, kaufua maandishi yakatoka, kaweka na mfuko wa mbele. Keshapita nayo mtaa mzima. Kila mtu anajua. Watu nisiowajua wananisalimia, mpishi, mpishi.

Naomba gari la Kilwa liharibike njiani. Siyo ajali, hapana. Liharibike tu.

Ijumaa, 21 Juni

Halikuharibika. Kafika. Kafikia kwa balozi. Sikupita njia ile kabisa, kwenda msikitini nimezungukia nyuma ya shule. Nimeoka keki ya kesho. Nzuri. Korosho zilikolea moto kidogo kwenye debe kwa sababu nilikuwa nachungulia barabarani.

Jumamosi, 22 Juni

Niandike taratibu.

Keki sita mezani, kila moja na namba. Ukumbi umejaa, watoto madirishani. Somoe mstari wa mbele, kwenye gauni lake la maua, limekunjamana mgongoni kama kawaida yake.

Faraji kazeeka. Kichwa cheupe, miwani. Anaifuata meza, anaonja, anakunywa maji, anaandika. Mimi na eproni yangu nimesimama ukutani. Nilikuwa nimeupima mlango wa nyuma. Hatua saba.

Akafika yangu. Namba nne. Akaonja. Akaonja tena. "Nani mwenye hii?"

Nikasogea. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akanitazama uso. Halafu akateremsha macho akatazama mikono. Hapo nikajua kanijua.

Na Nassoro, Mungu amsamehe, akasimama akapaza sauti. "Huyo ni Bwana Issa! Alimpikia Mzungu wa barabara kulekule kwenu Kilwa Masoko!" Ukumbi ukapiga makofi. Somoe zaidi ya wote.

Makofi yakaisha. Mzungu wa barabara alikuwa na mpishi mmoja, na mpishi huyo alikuwa amesimama mbele yangu na uma mkononi. Angetaka, angenimaliza kwa neno moja.

Akasema, "Namfahamu. Tulikuwa wote nyumba ile. Nawaambieni, kwa kazi aliyopewa, huyu hakuwa na mwenziwe."

Basi. Hakusema uongo hata nukta. Kanisitiri. Watu wakashangilia, mimi nikaangalia chini.

Nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni mama mmoja wa nyumba kumi za huko chini, keki yake kweli ilikuwa juu. Zawadi yangu sufuria yenye mfuniko. Majirani wamenibeba. Bi Tatu kalia.

Nilimkuta Faraji nyuma ya ukumbi akinawa mikono. Nikampa shikamoo kaka. Marahaba, dobi, akasema polepole. Akaniuliza mfuto nimejifunzia wapi. Nikamwambia dirishani. Akacheka mpaka akakohoa. Moto je? Nikamwambia poplini, nikamweleza habari ya shavu. Hapo hakucheka, akatikisa kichwa, akasema yeye miaka yote alibahatisha. Halafu, "Korosho zimepita moto kidogo. Ndiyo maana wa pili."

Akaniuliza kama yule aliyepiga makofi sana ni mke wangu. Nikasema ndiye. Anajua? Nikasema hajui. Akakung'uta mikono. "Mimi nimekusitiri kwa watu. Kwa mkeo sina uwezo."

Kaondoka na gari la alasiri.

Jumapili, 23 Juni

Nimemwambia.

Asubuhi alikuwa ananimiminia chai, anaimba. Sufuria ya zawadi kaiweka mezani katikati, haina kazi, ya kutazamwa tu. Akasema, "Baba angekuwa hai leo angejua alinioza kwa mtu."

Nikashindwa. Nikasimama. Nikamwambia yote, nimesimama kama mtoto wa shule. Dobi. Mshenga. Faraji. Hata lori la Kitomanga.

Akaliweka birika chini. Akauliza kitu kimoja.

"Na yale mapudini uliyokuwa ukinisimulia?"

Nikasema ya Faraji. Mimi nilikuwa nalamba bakuli siku akiwa na furaha.

Akakusanya vikombe. Alipofika mlangoni akageuka. "Miaka kumi na minne nimetembea na makunyanzi mbele za watu, nakuchungia heshima yako. Na wewe pasi ilikuwa mkononi."

Akaenda uani. Nimesikia vyombo vikigongana mpaka adhuhuri.

Jumatatu, 24 Juni

Haongei. Anapika, anatenga, anaondoka.

Mchana kanipakulia wali. Akachukua mgongo wa upawa, akaufuta wali juu ya bakuli, sawasawa, ukingo kwa ukingo. Uliozidi akaurudisha sufuriani. Nikamtazama.

"Si ndivyo walivyopima kule?" akasema.

Chai ya jioni hivyohivyo. Kijiko cha sukari, kidole juu, mfuto. Sukari yenyewe mabaki ya kopo la majirani, wametuachia wenyewe. Nimekunywa.

Jumatano, 26 Juni

Mfuto. Mboga mfuto. Uji mfuto. Hata maji ya kunywa!

Majirani wanapita kupongeza. Anawapokea vizuri, anacheka nao, hasemi kitu. Hajaitoa siri yangu. Nimengoja aitoe na hajaitoa. Mgeni akisema mpishi, anainuka kwenda kuangalia moto.

Nimeivua eproni, nimeifua, nimeitia kanji, nimeipiga pasi, nimeikunja. Nimeiweka kwenye sanduku lake. Sikujua niiweke wapi.

Ijumaa, 28 Juni

Nassoro kaja, eti mwakani nifundishe vijana upishi wa Kizungu. Nikamwambia, mwenyewe, kwa mdomo wangu. Bwana Nassoro, mimi nilikuwa dobi kwa yule Mzungu. Kupika sikupika.

Akatumbua macho. Akauliza ile keki je. Nikasema ile niliioka mimi. Akakuna kidevu, akasema sasa keki ni keki, akaomba nimpigie pasi koti lake la mkutano. Nilitegemea mbingu ianguke.

Somoe alikuwa nyuma ya pazia. Najua, niliona vidole vya miguu.

Jioni, mfuto.

Jumapili, 30 Juni

Upepo wa kusi, baridi kidogo. Mashati tisa, na koti la Nassoro.

Nilipofika kwenye koti nikakuta chini yake gauni. La maua. Limefuliwa, limekunjwa mara nne, limewekwa katikati ya nguo za wateja kana kwamba ni la mteja. Nikatazama mlangoni, hakuna mtu.

Nikanyunyiza maji. Nikaleta pasi shavuni. Poplini. Nimeanza na mikono, kisha kola, kisha mgongo, pale panapokunjamana siku zote. Nimelipiga taratibu kuliko nguo yoyote tangu nimeshika kazi hii. Nikalitundika.

Amelivaa mchana kwenda kwa Bi Tatu kwenye arusi. Barabarani nikamsikia mtu anamuuliza, leo gauni kakupigia nani? Akajibu, "Mume wangu. Si dobi huyo?" Akaendelea na safari yake.

Alirudi jua linashuka. Akaweka chai yangu kwenye ukingo wa meza ya pasi, kaifunika na kisahani. Akaingia ndani kuvua.

Nimeonja. Tamu mpaka jino limeshtuka. Vijiko viwili, vya kilele.

Kesho kuna mashati ya bandari.